Mgeni wa Barazani

Sisi tuliozaliwa Faza, kisiwani Pate, karibu na Uhuru tulilelewa kwa habari za watu kukimbia. Kabla hatujajua kusoma tulishajua kwamba nyumba inaweza kuachwa na chungu kikiwa bado mekoni. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, viliwatoa watu wetu, Wabajuni, kwenye mashamba na vijiji vyao vya bara, wakaja visiwani; wengine hawakukoma hapa, wakateremka hadi Malindi na Mombasa. Somalia ilipovunjika mwaka 1991 wakaja ndugu zetu wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, na wengi wakapitiliza hadi kambi ya wakimbizi ya Jomvu, Mombasa. Mwaka 2009 moto ukashika makuti, ukala mamia ya nyumba za mji huu. (Leo wengi tumeezeka mabati. Hayashiki moto, lakini adhuhuri hakuna anayekaa ndani.) Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, ikaja amri ya kutotoka usiku, na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku, nasi tunakula kwa bahari.

Mambo haya hayakututoa msikitini. Yalitufanya tuswali tumekunja uso. Kizazi chetu kikawa kizazi cha kulinda: tulilinda kuta, makaburi, desturi ya maulidi, tukagombana nani anailinda vizuri zaidi, na vijana walipoanza kuondoka tukawa tunawahesabu kama mtu anayehesabu magunia yanayopungua ghalani. Barazani, baada ya alasiri, mazungumzo yalianzia popote, kwenye bei ya mafuta ya boti, bandari mpya ya Lamu, muguka, lakini yaliishia mahali pamoja: dini itazikwa na sisi.

Mgeni alikuja katikati ya mazungumzo hayo. Alishuka boti ya Lamu iliyochelewa kwa sababu maji ya mlango wa Mkanda yalikuwa yametoka, viatu vyake vyeupe vimejaa tope. Kijana wa miaka thelathini hivi. Akanibusu mkono. "Masalkheri, ami." Alikuwa akitafuta watu wa bibi yake mzaa mama, ambaye alipita Faza alipotoka Chula na boti ya wakimbizi. Tulitaja jina hili na lile, tukamtuma mtoto akaulize nyumba mbili, hapakupatikana kitu cha kushika. Nilidhani ataaga. Akakaa.

Kilichonishtua ni kinywa chake. Alikulia Ulaya, lakini Kibajuni alichosema ni kile cha mama zetu, maneno ambayo wajukuu zangu, waliozaliwa hapa hapa, huyacheka. Nikamuuliza alikitoa wapi. Akasema mamake alipoomba hifadhi alitakiwa athibitishe kwamba yeye ni Mbajuni kweli. Wabajuni wengi waliofika Uingereza na kwingineko wamepitia hayo: huulizwa visiwa vimekaaje, samaki fulani huitwaje, kisha lugha yao husikilizwa na mtu wa kupima. Mama yule aliulizwa kwa simu na sauti asiyoijua. Akavitaja visiwa akivifuatisha kutoka kaskazini kuja kusini, kama anavipita kwa mashua. Tangu siku hiyo akaapa watoto wake hawatasema lugha nyingine ndani ya nyumba.

Na Kurani? Hapo akacheka. Mamake alikuwa akisafisha ofisi usiku, anarudi alfajiri, anawaamsha watoto wanne na kuwakalisha chini jikoni, kwa kuwa ndicho chumba kilichokuwa na joto. Juzuu ilikuwa moja, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi. Wawili waliiona kwa mbele, wawili waliisoma kichwa chini. "Mpaka leo," akasema, "naweza kusoma juzuu nikiwa upande wa pili wa meza." Akatusomea, kwa yale mahadhi ya chuo cha Kurani tuliyopigiwa fimbo sisi, na wazee wote barazani tukajikuta tunatikisa vichwa bila kuambizana.

Mmoja wetu akamrudisha kwenye kilio chetu: vijana, simu, muguka, madrasa matupu. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, bila ujeuri, "Ami, mamangu hakuwa na msikiti wa kuulalamikia."

Hakuna aliyemjibu. Muadhini akatuokoa.

Maghribi ile niliswali bila haraka na bila hasira. Ni jambo dogo kuliandika, lakini kwa mtu wa umri wangu ni habari. Usiku nikawa naikumbuka Shanga, kule upande wa Siyu, ambako mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba miaka ya themanini. Chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa walikuta msingi juu ya msingi, na chini kabisa alama za nguzo za miti za kijisikiti kidogo cha karne ya 8. Hupelekwa wageni kutazama mawe, na mawe yanastahili kutazamwa. Lakini waliotangulia kusujudu pale hawakuwa nayo. Faza yenyewe Wareno waliiangamiza mwaka 1587, wakamuua shehe wake na kukata minazi, na watu wakarudi wakaanza tena. Nimekuwa nikisimulia kisa hicho kama kisa cha dhuluma tu. Waliorudi sijawahi kuwauliza walirudi na nini mikononi.

Sisemi kwamba kuondoka kwa vijana ni heri. Mji ukibaki na wazee na watoto, nani atavuta boti pwani? Hasara ni hasara. Ila nimeacha kusema kwamba anayeondoka ameiacha dini ufukweni.

Kabla hajaondoka kijana aliuliza kama kuna mwalimu atakayekubali kumsomesha binti yake, aliye na miaka sita. Mwalimu wetu wa chuo amekubali. Husomesha Jumamosi baada ya alasiri, kwa simu, na mtandao ukikatika humsubiri. Wazee wawili hawajapendezwa; wanasema chuo ni mkeka na mwalimu aliye mbele yako. Nimewaalika Jumamosi ijayo waje wamsikilize mtoto. Mmoja amesema atakuja, ila kwa sharti kwamba ataruhusiwa kumsahihisha.