Mawenzi Nyuma ya Wingu

Mfanyakazi wa mjini akijaliwa likizo na nauli ya kufika Moshi, macho yake huenda moja kwa moja kwa Kibo. Mimi nakusihi umtazame nduguye wa mashariki, Mawenzi, mwenye mita 5,149, aliyechongoka kama meno yaliyovunjika. Wazee wa Kichagga husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, hata siku moja Kibo akachoka naye, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana mmoja ana kichwa laini, na mwenziwe ana makovu.

Ukipanda kwa njia ya Marangu, siku ya kwanza utavuka msitu hadi Mandara, na siku ya pili utafika Horombo, mita 3,720. (Zamani vituo hivi vilipewa majina ya Bismarck na Peters, ni haki kabisa kwamba leo vina majina ya mamangi.) Siku ya tatu unatokea kwenye uwanda ulio kati ya vilele viwili: changarawe, mawe na upepo. Asubuhi Mawenzi yu wazi mbele yako. Mara nyingi, kabla jua halijafika utosini, hayupo tena. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki, hupoa, ikageuka wingu, na wingu hilo humfunika Mawenzi gubigubi.

Tarehe 18 Mei 1955, katika majira ya masika, ndege aina ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliondoka Dar es Salaam kwenda Nairobi. Hebu chukua ramani na rula. Mstari ulionyooka baina ya miji hiyo hupita mashariki ya Mawenzi kwa umbali usiozidi kilometa 25. Kwa mtembea kwa miguu hiyo ni safari ya kutwa. Kwa Dakota ni dakika tano au sita. Rubani wa siku zile, akishazungukwa na wingu, alitegemea dira, saa na redio, na upepo wa ubavuni haumpigii mtu hodi. Ndege ile iligonga majabali ya Mawenzi, kwenye kimo cha futi 15,000 na zaidi. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Zilipita siku kadhaa ndipo mabaki yakaonekana, huku ndugu zao wakingoja habari katika miji yote miwili.

Usidhani mambo hayo yaliishia enzi za Dakota. Novemba 2008 ndege ndogo ilianguka katika mlima huo huo. Watalii wanne kutoka Italia walipoteza maisha, rubani akanusurika. Mabaki ya ndege hiyo yalibaki uwandani, na wapandaji wengi wamepiga picha wakitabasamu kando yake. Sikubaliani na tabasamu hilo. Pale walikufa watu waliokuja likizo, kama wewe.

Shirika lile la Afrika Mashariki lilikufa mwaka 1977. Siku hizi jeti za Dar es Salaam na Nairobi hupita juu kabisa ya mawingu, na abiria huinamia madirisha kumtafuta Kibo. Mawenzi, kama wingu halijamfunika, huonekana kando yake, mweusi.