Mchagua Nazi

Methali nyingi tulizorithi watu wa Tabora zilikuja kwa miguu. Zilitoka Bagamoyo pamoja na vitambaa na shanga, zikavuka Ugogo, zikafika Unyanyembe zikiwa bado na harufu ya bahari ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona. Mojawapo ni hii: mchagua nazi hupata koroma. Niliikariri nikiwa mtoto, nikaielewa kuwa ni onyo kwa mtu anayechagua kupita kiasi. Leo narudi kwayo kwa sababu niliwahi kuwa mchaguzi, na mwezi uliopita nilikutana na mmoja wa niliowaacha.

Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari mkoani mwetu. Kila mwaka, kabla ya mashindano ya UMISSETA, niliwapanga vijana chini ya miembe na kuwasomea majina. Mwaka mmoja alikuwapo kijana wa kidato cha pili, winga wa kulia, mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa akili. Alikuwa mfupi. Nilimtazama kimo, nikamtazama mwenzake aliyemzidi kichwa kizima, nikaandika jina la mwenzake. Niliposoma orodha hadi mwisho, kijana yule hakusema neno. Alivua viatu alivyokuwa ameazima, akavifunga kamba pamoja, akamrudishia mwenyewe. Kesho yake hakuja uwanjani, wala kesho kutwa.

Kiswahili ni karimu kwa aliyechaguliwa. Kina kuchagua na kuteua, kina mteule na uteuzi, maneno yenye heshima na hata yenye harufu ya ibada. Kwa aliyebaki nje ya orodha hakikutenga neno. Tunasema ameachwa, na kitenzi hicho hicho ndicho tunachomtumia mke aliyepewa talaka na abiria aliyechelewa treni.

Marekani na Kanada wameufanya uteuzi wa wachezaji kuwa sherehe: klabu huketi na kuwachagua vijana mmoja baada ya mwingine, na dunia hutazama. Watanzania tunaikumbuka siku ya namna hiyo ya Juni 2009, wakati Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili, alipochaguliwa wa pili katika mpira wa kikapu na klabu ya Memphis Grizzlies. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, kwani hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Lakini wa tatu siku ile alikuwa James Harden, na wa saba alikuwa Stephen Curry. Hawa wawili ndio waliokuja kuutawala mchezo, ilhali safari ya kijana wetu katika ligi ile ilikuwa fupi. Sisemi hivyo kumpunguzia heshima. Hakujichagua mwenyewe, wenye macho ya kuchagua waliona kimo kwanza, kama nilivyokiona mimi.

Katika mpira wa magongo wa barafuni kuna kisa cha upande wa pili. Martin St. Louis, mzaliwa wa Laval huko Quebec, alikuwa mfupi kwa kipimo cha mchezo ule wa miili mikubwa. Alicheza vizuri mno Chuo Kikuu cha Vermont, lakini hakuna klabu iliyomteua. Calgary Flames walimsajili mwaka 1998, wakamwacha mwaka 2000. Tampa Bay Lightning walimchukua. Mwaka 2004 aliongoza ligi nzima kwa pointi, akapewa tuzo ya mchezaji bora, na timu yake ikatwaa Kombe la Stanley. Mwaka 2018 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo.

Nasi wa Tabora tuna kisa chetu, kikongwe zaidi. Nje kidogo ya mji, Kwihara, ipo nyumba alimoishi David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Alipofariki mwaka uliofuata, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara wake uliongozwa na Susi na Chuma. Susi alikuwa ameajiriwa zamani kukata kuni za meli mtoni Zambezi. Chuma alikuwa mtoto aliyeokolewa kutoka katika mnyororo wa watumwa. Hakuna mkubwa aliyewateua kuwa viongozi; wenzao wa msafara ndio waliowataka wawaongoze. Oktoba 1873 walifika Kwihara na maiti, na Luteni Cameron, Mwingereza aliyewakuta hapo, akawashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Waliendelea kutembea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Huko walilipwa mishahara yao na kuachishwa kazi, na Livingstone alipozikwa London mwezi Aprili, Susi na Chuma hawakuwapo.

Niliposimulia visa hivi darasani niliwaambia wanafunzi kwamba aliyeachwa asikate tamaa. Ni nasaha nyepesi kwa mtu mwenye kalamu ya kuandika orodha. Tunamjua St. Louis kwa sababu alipata klabu ya pili. Wasioipata hawaandikwi popote.

Ndipo nikairudia methali. Watu wa pwani wanajua kwamba koroma si nazi mbovu. Ni tunda lililopita udafu na halijawa nazi, nalo likiachwa mtini litakomaa. Tatizo ni mkono wa mchumaji uliolitupa chini mapema. Kijana wangu alikuwa koroma. Ningemwambia, "Mwaka huu hapana, lakini Jumatatu nakungoja mazoezini," pengine angebaki mtini.

Nilimkuta stesheni ya Tabora akiwauzia abiria asali.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Bado unacheza?"

Alicheka. "Niliacha mwaka ule ule, mwalimu. Si ulishasoma majina?"

Hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwomba radhi, lakini abiria walimwita dirishani naye akakimbia na chupa zake, kwa wepesi ule ule wa winga wa kulia.

Nilipofika nyumbani nilifungua sanduku la madaftari ya zamani. Daftari la mazoezi la mwaka ule bado lipo. Mbele ya jina lake kuna alama ya vema kila siku, bila kukosa hata moja, hadi siku ya uteuzi. Baada ya hapo mstari wake ni mweupe hadi mwisho wa ukurasa, na hakuna mahali nilipoandika kwamba nilikwenda kumuuliza.