Mkono wa baba haungoji roboti

Leo siwaletei habari za usalama. Nawaletea habari za mkono wa baba yangu.

Miezi minane iliyopita kiharusi kilimkamata hapa kambini, pembeni ya Bunia. Mkono wa kuume ukalala. Baba ni seremala. Tulipokimbia kijiji chetu kule Djugu alibeba randa na msumeno, akaacha godoro. Sasa hata kijiko kilikuwa kinamwanguka.

Mwezi uliopita mdogo wangu alimwonyesha video kwenye simu. Mgonjwa huko Marekani amefungwa mkono kwenye mashine, anasukuma kishikio kufuata alama kwenye skrini. Akishindwa, mashine inamsaidia kumaliza. Baba alitazama mara tatu, akasema: "Basi nitangoja hiyo ifike." Tangu siku ile akakataa mazoezi aliyoonyeshwa na kine wetu. Hapo ndipo niliogopa.

Nikaanza kutafuta. Roboti ya namna hiyo, MIT-Manus, ilianza kutengenezwa katika chuo cha MIT mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi yake ni kurudisha mwendo uleule mamia ya mara, kwa sababu ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudiarudia.

Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa wagonjwa 127, wengi wao wanajeshi wa zamani, waliopata kiharusi angalau miezi 6 nyuma. Wengine walipewa roboti, wengine mtaalamu aliyewafanyisha mazoezi mengi kama ya roboti, wengine matunzo ya kawaida. Baada ya wiki 36, wa roboti waliwapita kidogo wale wa matunzo ya kawaida. Lakini hawakuwapita waliofanya mazoezi mengi kwa mikono ya watu.

Nilimweleza baba. Alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo roboti ni mtu asiyechoka tu?"

"Karibu hivyo, Baba."

"Na wewe utachoka?"

Sasa kila asubuhi, kabla sijatoka kutafuta habari, tunakaa mbele ya hema. Anasukuma kitambaa juu ya meza, mbele na nyuma. Anahamisha maharagwe kutoka bakuli moja hadi lingine. Namsaidia pale tu anapokwama. Mama anahesabu.

Nyinyi wenye mgonjwa kama wetu, mwombeni kine awaonyeshe mazoezi yanayomfaa. Msimvute wala kumwinua kwa mkono uliolala, bega huumia upesi. Akisikia maumivu, simameni. Na msimwambie kwamba nafasi imepita: wale 127 walikuwa wamechelewa pia, na bado wengine walipata nafuu, hata kama ni ndogo.

Baba bado hawezi kushika msumeno. Anashika kikombe kitupu. Tulianza na mara 20. Jana Mama alihesabu mpaka 150, na aliyeomba kupumzika nilikuwa mimi.