Maharage ya Chuma Katika Chungu cha Merikit

Tororo ni wilaya yenye sifa ya madini. Msafiri aingiaye Uganda kwa njia ya Malaba huuona kwanza mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji, kisha huelezwa habari za chokaa igeuzwayo saruji, na za vilima vya Sukulu vyenye fosfeti ya kutengenezea mbolea. Lakini yapo madini mengine ambayo hayachimbwi kwa sururu wala hayapakiwi katika malori, na mtu anayeyakosa hapigi kelele. Chuma na zinki katika mwili wa mama na mtoto ni madini ya namna hiyo. Hupungua kidogo kidogo, siku baada ya siku, huku sahani ikiwa imejaa.

Nayo sahani ya Merikit, katika wilaya hiyo, hujaa kweli. Wateso, ambao makazi yao yamekatwa na mpaka, wengine wakiwa Tororo upande wa Uganda na wengine Busia upande wa Kenya, hula atap, yaani ugali wa ulezi au mtama uliochanganywa na unga wa muhogo. Kitoweo ni eboo, majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, au maharage, au dagaa siku fedha ikipatikana. Nyama ni ya sherehe. Kadiri mashamba yanavyogawanywa baina ya ndugu na rutuba inavyopungua, ndivyo muhogo unavyozidi katika unga na ulezi unavyopungua. Muhogo hushibisha sana, lakini chuma na zinki iliyonayo ni haba.

Mama mmoja wa huko, mwenye watoto wawili na mimba ya tatu, alidhani uchovu ni sehemu ya ndoa. Alikuwa akitua ndoo mara mbili njiani atokapo kisimani, na moyo ukimdunda kama aliyefukuzwa. Alipoanza kutamani udongo wa kichuguu wenzake walicheka tu, kwa kuwa wajawazito wengi hufanya vivyo hivyo. Kliniki ilimpima damu ikamwambia imepungua. Alipewa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo, akasisitiziwa habari ya chandarua.

Hakuwa peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa nchini Uganda mwaka 2016 uliona kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa kuzaa, 32 walikuwa na upungufu wa damu. Na katika kila watoto 100 wa miezi 6 hadi 59, walikuwa 53. Si upungufu wote huo utokanao na chakula. Malaria, ambayo Tororo inaijua kupita kiasi, huharibu chembe za damu, na safura huinyonya damu katika utumbo. Asemaye kwamba maharage pekee yataondoa yote hayo, huyo anauza maharage. Lakini damu iliyopotea haina budi kutengenezwa upya, na haiwezi kutengenezwa pasipo chuma.

Hapo ndipo watu huuliza: je, ulezi hauna chuma? Unacho, tena una chokaa nyingi ya kujenga mifupa kuliko nafaka nyingi. Tatizo ni kwamba katika ganda la punje mna dutu iitwayo faiteti, ambayo hukamatana na chuma na zinki, na kuvizuia visisharabiwe na mwili. Bibi wa zamani hawakulijua jina hilo, lakini walijua la kufanya. Waliloweka ulezi, wakauacha uchipue, wakaukausha na kuusaga. Na uji waliuacha uchachuke usiku mzima kabla ya kumpa mtoto. Kuchipua na kuchachuka kwa nafaka huvunja sehemu ya faiteti. Siku hizi kazi hiyo ya kuchipusha hufanywa kwa bidii zaidi pale unapotakiwa ulezi wa pombe ya ajon, ambayo wazee huinywa kwa mirija mirefu kutoka katika chungu kimoja, huku mtoto akipikiwa uji wa unga mkavu uliotoka kinuni moja kwa moja. Ni jambo la kuchekesha na la kusikitisha kwamba chungu cha pombe kilitunza elimu ambayo chungu cha uji kilikuwa kinaisahau.

Mama huyu alirudi kwenye uji wa kuchachua kwa ushauri wa mama mkwe wake. Mbegu mpya za maharage alizipata kwa bwana shamba.

Mwaka 2016 Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo la Uganda, NARO, lilitoa aina tano za maharage zenye chuma na zinki nyingi, zikapewa majina ya NAROBEAN 1 hadi 5. Tatu ni za vichaka, zifaazo mahali kama Merikit. Mbili ni za kutambaa juu ya miti. Mbegu hizi hazikutiwa kitu chochote kiwandani. Watafiti walizichagua aina ambazo kwa asili huvuta chuma kingi kutoka ardhini, wakazizalisha na zile zenye mavuno mazuri, kizazi baada ya kizazi. Kilo moja ya maharage ya kawaida ina miligramu 50 hivi za chuma. Lengo lililowekwa kwa maharage lishe ni 94. Katika Rwanda jambo hili lilijaribiwa kwa wasichana wa chuo kikuu wapatao 200 waliokuwa na akiba ndogo ya chuma. Wengine walikula maharage lishe na wengine ya kawaida, kila siku kwa siku 128. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: waliokula maharage lishe damu yao iliongezeka kuliko ya wenzao.

Lakini maharage haya yana udhaifu mmoja ambao mtafiti hawezi kuuondoa. Kiazi lishe hujitangaza chenyewe. Ukikikata, rangi yake ya machungwa humwambia hata mtoto kwamba hiki si kile cheupe. Na Mganda Robert Mwanga alishirikiana na wenzake watatu kupewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi iliyohusu viazi hivyo na mazao mengine ya aina hiyo. Vitamini A huonekana kwa macho. Chuma hakionekani. Hakina rangi, wala ladha, wala harufu, na punje yenye chuma kingi ikianguka katika gunia la punje za kawaida imekwisha potea.

Mavuno ya kwanza yalipokauka, mchuuzi alifika na pikipiki na magunia matupu. Alikuwa akikusanya maharage ya kuvusha mpaka kule Busia, kwa kuwa miji ya Kenya hula maharage mengi ya Uganda, na bei hupanda.

"Mama, maharage ni maharage," alisema. "Wa ng'ambo hawaniulizi chuma. Wananiuliza rangi, na kama yametobolewa na wadudu."

Hakudanganya. Sokoni chuma hakina bei, na ndiyo sababu mbegu hii ni mtihani kwa nyumba maskini kuliko mbegu nyingine. Mavuno yalikuwa madebe mawili. Baba watoto alikumbusha habari ya sare ya shule ya mtoto wa kwanza, naye alikuwa na haki. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida hakujiingiza katika mambo ya kuuza, alisema, "Mwanangu, hiyo nguvu unayoitafuta huwezi kuinunua tena kwa fedha hiyo." Debe moja liliuzwa, debe moja likabaki, na sare ikangoja karanga zikomae.

Kubaki nyumbani hakukutosha. Desturi ilikuwa kutenga kwanza bakuli la baba na wageni, kisha la watoto, na mama akamalizia chunguni, mara nyingi mchuzi usio na punje. Hali mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji chuma zaidi ya mara mbili ya kile anachohitaji mwanamume! Maharage yale yangeliwa yote na yule asiyeyahitaji sana. Mama mkwe alilitatua jambo hilo bila hotuba: alianza kupakua yeye mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mengine yalikuwa madogo. Maharage yalilowekwa usiku, kwa sababu nayo yana faiteti, na kuni zikapungua. Chai, ambayo tanini yake huzuia chuma, iliondolewa katika mlo ikanywewa baadaye. Mahali pake palikuwa na chungwa, tunda ambalo katika nchi ya Wateso si la kutafuta mbali, na ambalo vitamini C yake hukisaidia chuma cha mimea kupenya. Vidonge vya kliniki hakuviacha.

Mtoto alizaliwa salama. Haitasemwa hapa kwamba maharage ndiyo yaliyofanya hivyo, kwa kuwa vidonge, chandarua na dawa ya minyoo vilikuwamo pia. Lakini vidonge huisha kliniki ya wajawazito inapokwisha, na maharage yako shambani msimu hata msimu.

Wifi yake, aliyeolewa upande wa Kenya, alikuja kumtazama mtoto, akaondoka na vikombe viwili vya mbegu ndani ya chupa. Aliagizwa asizipure kwenye turubai moja na maharage yake ya zamani, wala asizitie katika gunia moja nayo, kwa kuwa zikichanganyika hakuna jicho litakaloweza kuzitenganisha.