Lua kwenye laptopu ya zamani: ijenge mwenyewe

Leo tuwaache viwavijeshi kidogo. Wapo vijana wa vikundi, na maafisa wenzangu wa kata, wanaoniuliza hesabu za mbolea nazifanyia wapi. Nazifanyia kwenye Lua, lugha ndogo ya programu iliyoanzia Rio de Janeiro, Brazili, mwaka 1993. Stashahada yangu ni ya kilimo, kwa hiyo usiogope.

Mbona usichukue iliyo tayari? Laptopu yenye Linux ya zamani mara nyingi hukupa Lua 5.1, na hiyo haiijui alama ya // iliyokuja na 5.3. Utaona chini kwa nini naing'ang'ania. Tena kifurushi cha 5.4 hakifiki hata nusu megabaiti. Unakibeba kwenye flashi.

Kinachokula bando ni kompaila. Ukiandika make ukajibiwa haipo, sakinisha kwanza build-essential (kwa Debian au Ubuntu), na ufanyie penye Wi-Fi. Kisha:

tar zxf lua-5.4.6.tar.gz
cd lua-5.4.6
make linux
make test
make local

Make test ikikuonyesha namba ya toleo, umefika. Wengi huandika make install, lakini hiyo kwa kawaida hudai nywila ya msimamizi, na kwa kompyuta ya ofisi huenda hupewi. Make local huweka kila kitu ndani ya folda hiyo hiyo, haigusi mali ya mtu.

Sasa andika install/bin/lua, ujaribu. Mkulima anahitaji kilo 40 za naitrojeni. Urea ina asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Ukiandika 40/23 unapata 1.739 na mkia mrefu. Nenda kamwambie mama wa watu anunue mifuko "moja nukta saba"! Andika 40//23, unapata 1. Andika 40%23, unapata 17, yaani kilo za naitrojeni zilizosalia. Gawa 17 kwa 0.46, ni kama kilo 37 za urea. Ukiishia kwenye ule mfuko mmoja, mahindi yake yamekosa zaidi ya theluthi ya chakula chao, na msimu haurudi nyuma.

Anunue mifuko miwili. Kilo 13 zitakazobaki, jirani mwenye bustani ya mchicha atachangia bei.