Madaftari Yaliyolowa Maji



Wenzangu waliniomba niandike machache juu ya maisha ya mwalimu: nyumba yake, kazi yake, na mambo ayapendayo baada ya kazi. Nilikubali haraka, maana nilidhani ni jambo jepesi. Nimefundisha tangu ujana wangu, nimekuwa katekista kwa miaka zaidi ya ishirini, na kila usiku kabla ya kulala huandika ukurasa mmoja au miwili katika daftari. Nilifikiri ingenitosha kuyafungua madaftari hayo na kuchuma humo. Lakini madaftari yenyewe yana habari yake, na sina budi kuieleza kwanza, ijapokuwa hainipi sifa.

Desturi ya kuandika niliipata katika masomo ya ualimu. Wote waliopita katika shule za pedagojia za nchi yetu wanaijua jurnali ya darasa. Kila jioni mwalimu huandika tarehe, saa, somo, lengo la somo na zoezi la kulipima. Mkaguzi afikapo, kitu cha kwanza aombacho ni jurnali hiyo. Profesa wetu wa pedagojia alitutaka tuongeze safu moja pembeni, tuiite “Maangalizo”, tuandike humo yale tuliyoyaona kwa mtoto mmoja mmoja: nani alisinzia, nani alikuja bila kula, nani amefahamu leo jambo lililomshinda jana.

Yeye ndiye aliyetusimulia pia habari za Padri Stefano Kaoze, mtoto wa Tanganyika yetu, aliyepadirishwa Baudouinville, yaani Kirungu ya leo, tarehe 21 Julai 1917, akiwa Mkongomani wa kwanza kupata upadri katika siku za utawala wa Ubelgiji. Hata kabla ya kupadirishwa, Kaoze alikuwa ameandika kwa Kifaransa juu ya roho na fikra za watu wake, na maandishi hayo yakaanza kuchapishwa mwaka 1910. Profesa alitaka tuelewe kwamba mtu wa kwetu aweza kuwatazama watu wake mwenyewe kwa makini na kuwaandika, asingoje mgeni aje kuwaandika kwa niaba yake.

Nililishika neno hilo. Nilipooa nilianza daftari la pili, la nyumbani, lenye safu zilezile. Mke wangu alicheka sana alipoona nimeandika “lengo” mbele ya siku ya kununua sufuria.

Kazi yenyewe mnaijua. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu katika nchi yetu ulibebwa kwa sehemu kubwa na wazazi, na wengi wetu tulikula kutokana na franka walizochanga watu waliokuwa maskini kuliko sisi. Mwezi Septemba 2019 ilipoanza elimu ya msingi bila malipo, tulishukuru kwa ajili ya watoto, kisha tukaingia darasani tukakuta watoto wanne katika benchi la wawili. Mwaka ule darasa langu la sita lilipita watoto 90. Niliapa kwamba sitamwita yeyote kati yao “wewe pale”. Nilijifunza majina yote kwa wiki tatu, na usiku niliyaandika pamoja na maangalizo yao. Jambo hilo nililijivunia, na hata leo siwezi kulionea haya.

Baada ya kazi nina bustani. Ilikuwa karibu na mto Lukuga, vitalu vichache vya lengalenga, nyanya na mihogo, na jioni nilipenda kushika jembe hadi kengele ya sala. Hayo mawili, bustani na daftari, ndiyo yaliyokuwa mapumziko yangu. Ningeulizwa wakati ule kama mimi ni mtu mwangalifu, ningejibu ndiyo bila kusita.

Ndipo yakaja maji. Wakazi wa Kalemie hawahitaji kukumbushwa mwaka 2024: ziwa lilipanda, Lukuga ukafurika, na mitaa ya bondeni ikageuka kuwa sehemu ya ziwa. Nyumba yetu ilikuwa huko. Tulitoa magodoro, sufuria, mfuko wa unga, msalaba wa ukutani na picha ya ndoa. Sanduku la madaftari lilikuwa chini ya kitanda, nikalisahau. Nilipolikumbuka, maji yalikuwa yamefika kiunoni ndani ya chumba. Nikasema basi, Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Mwanangu wa nne, kijana wa miaka kumi na tisa, hakusema kitu. Alirudi ndani peke yake, akatoka na sanduku kichwani, maji yakimfika kifuani. Nami, kwa hofu, nilimkemea mbele ya majirani: kwa nini ahatarishe maisha yake kwa ajili ya karatasi? Aliliweka sanduku chini, akaenda zake.

Tulipata hifadhi kwa ndugu wa mke wangu, juu mlimani. Jua lilipotoka nilitandika mkeka uani, nikaanza kuanika madaftari, nikifungua ukurasa baada ya ukurasa ili usigandamane na mwenzake. Anayeanika daftari hulazimika kulisoma. Nilisoma kwa siku tatu.

Niliwaona wanafunzi wangu wote. Nilimwona yule aliyejifunza kugawanya siku mama yake alipojifungua mapacha. Nilimwona binti yangu mkubwa, arusi yake na mimba yake ya kwanza. Nilimwona mke wangu, maradhi yake ya mgongo na maneno yake ya busara. Kisha, katika daftari la mwaka 2023, nikaanza kumtafuta kijana aliyelitoa sanduku lile majini. Nilimkuta mara nne kwa mwaka mzima. Mwezi wa pili: “Hakuja Misani.” Mwezi wa saba: “Amekosa diploma ya Serikali.” Mwezi wa tisa: “Amelala nje tena, ziwani.” Na katika majilio, mbele ya jina lake, maneno mawili tu: “Kama kawaida.”

Nilikaa na maneno hayo mawili kwa muda mrefu. Hakuna mwanafunzi hata mmoja kati ya wale 90 niliyepata kumwandikia “kama kawaida”. Mkaguzi angeliona neno hilo katika jurnali yangu, angeuliza kama nilikuwa darasani siku ile.

Kila mwaka huwafundisha watoto wa darasa la sita habari za Lukuga. Mito mingi huingia katika ziwa letu, lakini unaotoka ni huo mmoja. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Cameron alipofika hapa, alikuta mlango wake umezibwa na mchanga na majani ya majini, hata wasomi wa Ulaya wakabishana kama kweli ziwa lina njia ya kutokea. Wakati wote huo maji yalikuwa yakipanda kimya. Miaka michache baadaye yaliupasua ule mzibo, yakaenda kwa nguvu kuelekea Lualaba. Nimelifundisha somo hilo mara nyingi, na kila mara nimewauliza watoto: maji yalikuwa wapi kabla ya kupasua? Hujibu pamoja: yalikuwa yanajikusanya. Siku ile, juu ya mkeka, nilijiuliza ni nini kilichokuwa kinajikusanya ndani ya mwanangu wakati mimi nikiandika “kama kawaida”.

Jioni nilimweleza mke wangu. Hakunilaumu. Aliendelea kuchambua sombe, kisha akasema: “Baba watoto, wewe unajua watoto 90 kwa majina yao. Huyu wetu unajua anafanya nini kule ziwani?” Nikasema anazurura na wavuvi. Akatikisa kichwa. “Nenda ukaone,” akasema.

Siku ya tatu niliamka kabla ya alfajiri, nikashuka hadi ufukoni. Usiku ulikuwa wa giza, bila mwezi, ndio usiku wa ndakala, maana samaki hao hufuata mwanga wa taa. Mitumbwi ilikuwa inarudi. Akina mama walikuwa wamekwisha kujipanga na mabeseni yao, wakipatana bei kwa sauti kubwa, ndakala huku, mikebuka kule. Nilimkuta mwanangu ameketi ubavuni mwa mtumbwi, mbele yake taa zilizoharibika na betri, akiunga waya kwa risasi ya moto. Wavuvi wenye umri wangu walikuwa wakimngojea. Mmoja alimwita “Fundi” kwa heshima ile ile ambayo watu hutumia kuniita Mwalimu.

Aliponiona alisimama ghafla, uso umebadilika.

“Mwalimu, kuna msiba?”

Ndivyo anavyoniita. Alipita katika darasa langu, akapita katika katekisimu yangu, na neno hilo likabaki hata nyumbani. Lakini lililonipata moyoni ni neno la pili. Katika miaka yote ile sikuwahi kumfuata mahali popote ila kwa jambo baya, basi akaniona nimekuja, akahesabu kwamba mtu amekufa.

“Hakuna msiba,” nilisema. “Nimekuja kuona kazi yako.”

Hakujibu. Alikaa, akaendelea na waya wake. Nami nikabaki nimesimama mchangani, sijui niweke wapi mikono yangu, kama mwanafunzi mgeni. Baada ya kitambo alisogea kidogo, nikapata nafasi ya kuketi. Halafu akaniambia, bila kuniangalia: “Shika hapa, usitikise.” Nikashika. Tulitengeneza taa sita asubuhi ile kabla sijaenda shuleni.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wakatekumeni mfano wa baba na wana wake wawili, na kila mara niliwauliza: wewe ni mwana yupi, mdogo au mkubwa? Sikuwahi kuona kwamba baba yule alitoka nyumbani mara mbili. Alimkimbilia mdogo njiani, kisha akamtokea mkubwa aliyekataa kuingia, akamsihi. Mimi nilikuwa nimekaa mezani na kalamu, nikingoja wana waingie wenyewe.

Sitaki mdhani kwamba yote yamekwisha. Mwanangu hajarudia mtihani wa Serikali. Mimi bado naitaka diploma ile, naye anajua, na mwezi uliopita tulibishana juu yake mpaka mama yake akatutenganisha. Bado huniita Mwalimu, ingawa siku moja moja, akiwa ameshughulika na hajifikirii, hutamka Baba. Misani huja anapojaliwa, nami nimejizuia kuandika siku asizokuja. Bustani yangu ya Lukuga ilichukuliwa na maji, na Jumamosi, badala ya kushika jembe, hushuka ufukoni.

Daftari langu limebadilika katika jambo moja. Kila usiku, kwa kila mtu wa nyumba yangu, huandika kitu kimoja nilichokiona au nilichomuuliza, kisichokuwa kosa. Nikikosa la kuandika, najua kwamba siku ile sikumwangalia. Basi huinuka, nikaenda kumsalimu na kumuuliza habari za siku yake, ndipo nikarudi kumaliza sala. Mara nyingine nimemkuta amekwisha kulala. Usiku huo nafasi yake hubaki wazi, nami huungama hivyo mbele ya Mungu.

Nawaachia swali hilo, hasa ninyi walimu, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo, ambao kama mimi hutumia macho yenu yote kwa watoto wa watu. Jioni ya leo, kabla ya sala, mtaje kila mmoja wa nyumba yako kwa jina, ukaseme ni nini ulichokiona kwake leo. Ukikwama kwa jina moja, anza hapo.

Nilimsomea mwanangu maandishi haya kabla ya kuyatoa, kwa kuwa ni habari yake pia. Alisikiliza hadi mwisho. Akakubali yasomwe na watu, ila amenisahihisha mahali pamoja: taa za asubuhi ile zilikuwa tano. Ya sita, asema, niliiharibu mimi.