Kuchagua Msasa wa Wavu: Kumbukumbu za Fundi Samani wa Morogoro

Msasa wa wavu ni kitambaa cha nyuzi za nailoni kilichofumwa kwa matundu madogo yasiyohesabika. Chembe za kusugulia hugandishwa upande wa mbele, na nyuma huachwa vitanzi vinavyonasa kwenye ndoano za pedi ya mashine. Diski ya karatasi huwa na matundu machache yaliyotobolewa, kwa kawaida sita, manane au kumi na matano, na vumbi linalozalishwa mbali na tundu hulazimika kusafiri juu ya mbao kabla ya kuvutwa. Kwenye wavu, vumbi huondoka pale pale lilipozaliwa. Kampuni ya Mirka ya Ufini ndiyo iliyoueneza sana kwa bidhaa yake ya Abranet, mwanzoni mwa karne hii. Fundi ambaye kazi yake inaelezwa hapa aliupata baadaye, akiwa amekwisha kupitia misasa mingine yote.

Kazi aliianza kwa mjomba wake, katika kijiwe cha maseremala cha Mji Mpya, chini ya mwembe. Msasa wa hapo ulikuwa karatasi iliyokatwa vipande na kuzungushiwa kibao cha mkononi. Wazee waliotoka vijiji vya Uluguru walikuwa bado wanayajua majani ya mti wa msasa, Ficus exasperata, ambayo ukavu na ukwaruzo wake hulainisha mpini wa jembe vizuri tu. Vumbi halikuwa shauri la mtu. Upepo wa mlimani ulilichukua. Masika ndiyo yaliyobadili hesabu. Kuanzia Machi hadi Mei mvua hupiga, mbao huingizwa chini ya turubai, na vumbi la mninga hubaki humo humo pamoja na wanaolizalisha.

Madhara yake yamethibitishwa. Madaktari wa Uingereza katika miaka ya 1960 waliona saratani ya pua ikiwaandama mafundi samani wa High Wycombe, na mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu karakana ndogo za Dar es Salaam ulikuta kikohozi na matatizo ya kupumua zaidi kwa wafanyakazi wa mbao kuliko kwa wasioshika kazi hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake. Kijiweni kinga ilikuwa kitambaa cha kufunga puani, ambacho chembe ndogo zaidi hukipita bila taabu.

Fundi alipohamia chumba chenye kuta, Kihonda, alinunua mashine ya kupiga msasa ya milimita 125, akaifungia diski za karatasi. Kwenye misonobari iletwayo kutoka Sao Hill kwa barabara ya Iringa, utomvu uliiziba karatasi kabla chembe zake hazijachakaa. Hapo ndipo wavu ulipoanza kuwa na maana kwake.

Wengi huanza kwa kuulizia diski. Fundi huyu huanza na mashine ya kufyonza, na sababu anayo: wavu usiofyonzwa ni mbaya kuliko karatasi. Vumbi hupenya matundu, huingia kati ya diski na pedi, husaga ndoano kwa joto, na linalobaki hurushwa hewani. Kwa viwango vya Ulaya, mashine ya daraja L huruhusu hadi asilimia 1 ya vumbi lipite kwenye chujio, na ya daraja M hadi asilimia 0.1; kwa kazi ya mbao inayofaa ni M. Nguvu ya kufyonza nayo ina mpaka. Ikizidi, pedi hunata kwenye ubao, mashine huanza kurukaruka, na kijana anayeishika huikandamiza ili itulie, jambo linaloacha mikwaruzo ya duara ambayo vanishi huianika. Mkono unatosha kuiongoza tu. Uzito ni wa mashine yenyewe.

Kinachofuata ni pedi. Diski ilingane nayo kwa kipenyo, 125 au 150, na kati yake iwekwe kinga nyembamba yenye ndoano upande mmoja na vitanzi upande wa pili. Wauzaji huisahau mara nyingi. Bei yake ni ndogo, nayo ndiyo inayochakaa badala ya pedi.

Namba huja mwishoni, na hutegemea mti. P80 ina chembe za wastani wa milimita 0.2, P120 milimita 0.125, P240 karibu milimita 0.06. Meza ya mninga iliyopigwa randa vizuri huanzia P120, ikapita P180 na kuishia P240 kabla ya kupakwa sila. Msonobari huanzia P80, na hapo wavu hulipa gharama yake waziwazi, kwani diski iliyoziba hugongwa au hufyonzwa ikarudi kazini. Mtiki wa Mtibwa una mafuta yanayoganda kwenye karatasi na silika inayobutua chembe. Diski ya chembe za kauri hudumu zaidi kwake kuliko ya aluminiamu oksidi. Mvule ndio wa hila. Ndani yake hujificha vipande vya chokaa vigumu kama jiwe, na kimoja tu kikikutana na ukingo wa diski, wavu huchanika. Fundi huupitisha mkono kwanza, akilitoa kwa patasi kila jiwe analolihisi. Vumbi la mvule huwasha ngozi na macho pia, kwa hiyo barakoa haivuliwi hata mashine ikifyonza vizuri.

Kuhusu bei, diski ya wavu ni ghali mara kadhaa kuliko ya karatasi, na anayelinganisha diski kwa diski hatainunua kamwe. Fundi hulinganisha kwa meza: diski ngapi zimekwisha hadi meza moja imekuwa tayari kwa vanishi. Kwa msonobari na mtiki wavu hushinda. Kwa mninga mkavu tofauti ni ndogo, na linaloamua ni hewa ya chumba.

Kingo kali, pembe za droo na miguu iliyochongwa hubaki kazi ya karatasi na kibao cha mkono. Wavu hukatika haraka kwenye ncha, na pedi bapa hula nakshi ambazo mchongaji alizitolea jasho.